Siku Daftari Linaponyamaza

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na vikundi vya kuweka na kukopa, hivi tunavyoviita VICOBA, nikifundisha kuandika hesabu za nyumbani. Siku ya kwanza sifundishi kitu. Nawaomba wanakikundi waje na daftari lao la mwaka uliopita, hata kama panya wameshalionja. Nikilipokea siangalii matumizi. Natafuta ukurasa wa mwisho ulioandikwa.

Januari huwa imejaa: unga, mkaa, ada, umeme wa LUKU, sabuni, mpaka shilingi mia ya nyanya. Februari mistari inapungua. Kisha inafika tarehe fulani, tuseme 11 Machi, mstari umeandikwa haraka haraka "bodaboda hospitali 3,000", na baada ya hapo ni kurasa nyeupe hadi jalada la nyuma.

Hapo huuliza swali moja: "Nani aliugua?" Ni nadra nikose jibu. Mtoto alilazwa. Mama mkwe alipata kiharusi. Mwenye daftari mwenyewe alikwenda kupima macho akarudi na habari kwamba ana sukari.

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wakaacha kutuambia daftari lenyewe hupotea vipi. Kwa niliyoyaona, uvivu una sehemu ndogo sana. Daftari hunyamaza wiki ileile ambayo pesa inatoka kwa kasi kuliko wakati wowote wa mwaka, kwa sababu anayeliandika yuko wodini, au yuko kitandani, au kichwa chake hakina nafasi. Kwa maneno mengine, tunafundishana hesabu za siku za uzima, kisha tunashangaa zinapotukimbia siku ya ugonjwa. Hoja yangu leo ni kwamba daftari la nyumba litungwe kwa ajili ya siku mbaya. Likiweza siku hiyo, siku nzuri litaziweza lenyewe.

Tuanze na asili ya tatizo. Mpangilio wa bajeti tunaoupata kwenye semina umetungwa na watu wa mshahara. Chukua daftari la nyumbani lenye umaarufu duniani, kakeibo ya Wajapani, ambayo mwandishi wa habari Hani Motoko aliichapisha mwaka 1904. Msingi wake ni mzuri na mwepesi: andika kinachoingia, tenga akiba mapema, andika kinachotoka, kisha ukae ujiulize pa kurekebisha. Hayo yote yanataka jambo moja liwe kweli kwanza, kwamba kinachoingia kinajulikana na siku ya kuingia inajulikana.

Kwetu hali ni nyingine. Mwaka 2012 na 2013, Kenya ilifanyiwa utafiti ulioitwa shajara za fedha. Wadadisi walizifuatilia familia zipatazo 300 kwa muda wa karibu mwaka mzima, wakirudi kwao kila baada ya wiki chache kuandika kila shilingi iliyoingia na kutoka. Walichokikuta hakitamshangaza muuza genge yeyote: kipato kilitoka vyanzo vingi, kwa vipande vidogo, na mwezi mmoja haukufanana na mwingine. Nyumba ya namna hiyo ukiipa bajeti ya mwezi, umeipa bajeti ya mwezi ambao haupo.

Hata hivyo hatuanzi na karatasi tupu. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza zina madaftari matatu ambayo yanaandikwa na watu wengine. La kwanza ni simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuvuka kuja Tanzania mwaka 2008, kila anayetuma, anayepokea au anayelipa bili huachiwa ujumbe wenye kiasi, tarehe, makato na salio. La pili ni lile la mangi, ambamo kilo ya sukari na kibiriti vya mkopo vimeandikwa kwa kalamu ya mwenye duka. La tatu ni kadi ya kliniki, yenye tarehe ya kurudi, dawa zilizoandikwa na vipimo vilivyofanywa. Kinachokosekana ni haya matatu kuketi meza moja. Simu haijui kadi inasema nini, na mangi hajui kwamba wiki ijayo ni ya kliniki. Wewe ndiye unayeweza kuyakutanisha, na kwa hilo zinatosha dakika 10 za Jumapili jioni.

Sasa niingie kwenye mstari unaoharibu hesabu za nyumba nyingi, mstari wa afya. Unaharibu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuuita ugonjwa wa kudumu dharura. Mchumi Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, alieleza jinsi watu wanavyoigawa pesa yao kichwani kwa mafungu, kila fungu na sheria zake. Fungu la kodi haliguswi. Fungu la sherehe lina ukarimu. Tatizo ni fungu la dharura, kwa sababu kichwani mwetu dharura hailipiwi kabla. Inangojewa ifike, kisha inakopewa au inachangiwa. Malaria ya ghafla ni dharura kweli. Lakini vidonge vya presha vinavyomezwa kila siku ya Mungu, mwaka hadi mwaka, vina udharura gani? Hiyo ni bili kama LUKU. Tofauti yake na LUKU ni kwamba umeme ukiisha nyumba nzima inaona giza, na dawa zikiisha anajua mgonjwa peke yake.

Nasi kama jamii tunalizidisha kosa hilo. Tazama makundi yetu ya WhatsApp ya ukoo. Ndugu akipasuliwa, michango inamiminika na orodha inasomwa kila asubuhi. Akifariki, inamiminika zaidi. Lakini ni nani aliyewahi kufungua kundi la kuchangia vidonge vya mjomba vya mwezi wa Juni? Tunachangia operesheni, hatuchangii vidonge. Na mara nyingi operesheni ile, kiharusi kile, au kitanda kile cha kusafishia damu ambacho mwenye figo zilizochoka hukilalia mara 3 kwa wiki, ni vidonge visivyomezwa vilivyokuja kudai riba.

Njia ya pili ni kuandika dawa tu. Hapa nataka tupige hesabu, kwa nyumba ya mfano ambayo namba zake nazitunga mwenyewe lakini yeyote anayeishi mjini atazitambua. Mama muuza genge ana presha na sukari, na mara moja kwa mwezi anakwenda kliniki akisindikizwa na binti yake. Kumwona daktari 5,000. Kipimo 5,000. Dawa za mwezi 18,000. Daladala mbili kwenda na mbili kurudi, watu wawili, kila nauli 600, jumla 4,800. Chai na chakula cha mchana cha wawili 5,000. Genge limefungwa siku nzima, na faida ya siku ni 12,000. Ukimwuliza kliniki inamgharimu nini atakujibu, "Dawa tu, elfu 18." Ukijumlisha unapata 49,800. Dawa ni zaidi kidogo ya theluthi ya gharama yenyewe. Hizo nyingine zimekwenda kulala kwenye mstari wa nauli, mstari wa chakula, na mahali pasipo na mstari kabisa, pale pesa ambayo haikuingia inapofichwa.

Zipo gharama za afya zinazojificha vizuri zaidi. Mashine ya kupimia sukari hununuliwa mara moja, lakini vijiti vyake vinaisha, na vijiti vya kampuni moja kwa kawaida havikubali mashine ya kampuni nyingine. Mwenye kununua mashine ya bei rahisi bila kuuliza bei ya vijiti amejifunga mkataba bila kuusoma. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, yaani friji, na friji ni umeme. Kwa mteja mdogo wa Tanzania aliyekuwa akikaa ndani ya uniti 75 kwa mwezi na kufurahia bei nafuu, friji linaweza kumtoa kwenye kundi hilo. Uniti zile ni matumizi ya hospitali yaliyoandikwa kwa jina la umeme.

Njia ya tatu ndiyo ya hatari zaidi. Pesa ikipungua, nyumba hukata kile kisicholia. Mtoto akikosa chakula analia. Mwenye nyumba akikosa kodi anagonga mlango. Presha haiumi, na kwa muda mrefu sukari nayo haiumi. Basi kidonge kinakuwa akiba ya kimya kimya.

Nililijua hili kwa baba yangu. Tarehe 2 ya mwezi nilimnunulia vidonge 30, kimoja kwa siku. Tarehe 28 usiku nikamwuliza, "Baba, dawa bado zipo?" Akanijibu kwa upole, "Zipo, mwanangu, wala usihangaike." Nikafurahi kwamba zipo, mpaka nilipokunywa chai nikaanza kuhesabu. Zilipaswa kubaki 3. Nilipofungua pakiti zilikuwa 16. Mzee alikuwa anameza siku moja na kuruka siku moja, kwa sababu alijua Januari ni ya ada za wajukuu. Kwenye daftari langu mwezi uliofuata ungeonekana wa mafanikio: mstari wa afya ungekuwa umeshuka.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja ninayowaambia wanavikundi wote. Mstari wa chakula ukishuka, uliza umeshuka kwa nini. Mstari wa pombe ukishuka, shangilia. Mstari wa afya ukishuka na mgonjwa bado ni mgonjwa, usishangilie hata kidogo. Nenda kahesabu vidonge.

Basi daftari la siku mbaya linafananaje? Langu lina mistari mitano tu kwa wiki: chakula, nyumba, yaani kodi, maji na umeme, watoto, afya, na madeni. Sitaki mistari 20, maana mistari 20 inataka mtu mwenye nguvu na utulivu. Ndani ya mstari wa afya kunaingia kila kilichotoka kwa sababu ya afya: dawa, nauli ya kliniki, chakula cha msindikizaji, vijiti vya sukari, na pembeni naandika siku ambazo kazi ilisimama. Bima nayo inakaa humo.

Mgonjwa akizidiwa, kanuni inapungua mpaka namba moja: leo imetoka shilingi ngapi? Namba hiyo anaweza kuiandika yeyote, hata mtoto wa darasa la tano. Na kama siku kumi zimepita bila hata hiyo, usikae kukumbuka moja moja ulinunua nini. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kulifunga daftari moja kwa moja. Chora mstari, fanya hesabu ya nyuma mbele. Kabla ya ugonjwa ulikuwa na 85,000. Ndugu walituma 120,000. Leo umebaki na 22,000. Kwa hiyo zimetoka 183,000. Andika "ugonjwa, siku 10: 183,000", geuza ukurasa, endelea. Jumla sahihi isiyo na vipengele ina faida kuliko vipengele vya kubuni.

Jambo jingine ni kuishusha bili ya mwezi iwe ya siku, kwa sababu pesa yetu huingia kwa siku. Dawa za mama wa genge za 18,000 ni 600 kwa siku, nauli ya safari moja fupi ya daladala. Kliniki nzima ya 49,800 ni 1,660 kwa siku. Ukimwambia muuza genge alete elfu 50 kwa pamoja utamtia homa. Ukimwambia 1,660 ziende kwenye kopo kabla hajafunga biashara, atakwambia siku gani anaweza na siku gani hawezi, na hapo mazungumzo ya kweli yameanza.

Kopo hilo lina ushahidi wake. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafuatilia wanachama wa vikundi vya kupeana zamu magharibi mwa Kenya na mwaka 2013 wakachapisha matokeo. Kundi moja lilipewa kasha la chuma lenye kufuli, ufunguo, na kijitabu cha kuandikia lengo la afya na kiasi kinachowekwa. Kundi jingine lilipewa kasha kama hilo, ila ufunguo ukabaki kwa msimamizi mpaka lengo litimie. Wengi tungebashiri kwamba lile lisilofunguka litafanya vizuri zaidi. Ikawa kinyume. Wenye ufunguo wao wenyewe waliongeza matumizi ya kujikinga na maradhi kwa takriban theluthi mbili, na wale wa kasha lililofungwa hawakuonyesha mabadiliko ya maana. Katika vikundi vilivyoweka chungu cha afya pembeni ya mchango wao wa kawaida, ongezeko lilikuwa kubwa zaidi, zaidi ya maradufu.

Mimi nayasoma hivi. Mtu mwenye kipato cha kubahatisha anaogopa kuifungia pesa mahali asipoifikia, na ana haki ya kuogopa, kwani homa ya mtoto haina miadi. Anachohitaji ni jina juu ya kopo. Shangazi akija kukopa, ni rahisi kumwambia, "Shangazi, hii ni ya dawa za mama," kuliko kumwambia huna wakati anakuona unayo. Na mkiwa kikundi, jina hilo linalindwa na watu 20 badala ya mmoja. Kwa hiyo wenzangu wa VICOBA, mfuko wa jamii mnao tayari. Fungueni ndani yake chungu cha vidonge, msingoje mwenzenu alazwe.

Mstari wa madeni nao unahitaji jicho la daktari. Ugonjwa ni mlango mmojawapo mkubwa wa mikopo ya haraka, kwa sababu hospitalini hakuna muda wa kulinganisha riba. Kuna mikopo ya kwenye simu inayoziba pengo la salio, na kuna ile ya mitaani ambayo wananchi wameibatiza kausha damu, jina ambalo wataalamu wa fedha wasingeweza kulitunga vizuri zaidi. Ukikopa kwa ajili ya matibabu, liandike deni kwenye mstari wa madeni na andika pembeni neno "afya". Miezi 6 baadaye utajua ni kiasi gani cha marejesho yako ni ugonjwa uliokwisha pona mwilini lakini bado unauma mfukoni.

Na tafadhali, daftari lisiwe polisi. Nyumba ambamo mume haulizwi anachopata na mke anaulizwa kila sarafu aliyotumia, daftari litajaa uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri. Mgonjwa akiona kila kidonge chake kinatajwa kwa kuguna, atafanya alichofanya baba yangu. Ndiyo maana mstari wa afya nausoma mimi kwa sauti, wa kwanza, na kuusoma kwa maneno haya: "Dawa za wiki zipo, zimeshatengwa." Kama bei imekuwa mzigo, pa kuipeleka ni kwa daktari au mfamasia. Dawa ileile huwa na majina tofauti ya kampuni na bei tofauti, na kuuliza ni bure. Kujipunguzia dozi kimya kimya kunalipiwa baadaye.

Wapo watakaoniambia kwamba daftari haliongezi pesa. Ni kweli, wala sitabishana nao. Nyumba isiyo na kitu ikiandika, itaandika kutokuwa na kitu. Ndiyo maana bima ya afya ni jambo la taifa. Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya iliuondoa mfuko wake wa zamani wa bima ya afya, NHIF, ikaanza na mamlaka mpya, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024, mwenye mshahara akikatwa asilimia 2.75 na asiye na mshahara akipangiwa mchango wake kulingana na hali yake. Lakini hata bima inamtaka mwenye daftari. Mchango wa mwaka kwa mtu wa kipato cha siku ni mlima mpaka augawe. Mfuko wa Afya ya Jamii wa Tanzania, yaani CHF iliyoboreshwa, kwa mfano, ilitoza kaya ya watu hadi 6 mikoani shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa siku ni shilingi 82. Na nauli ya kliniki, chakula cha msindikizaji na genge lililofungwa havimo kwenye kadi yoyote ya bima.

Kuna na sababu nyingine ya kuandika. Katika takwimu za kimataifa za afya, kwa miaka mingi nyumba ilihesabiwa kuwa imeelemewa na gharama za matibabu pale zilipozidi asilimia 10 ya matumizi yake yote, na kuelemewa zaidi zilipozidi asilimia 25. Asilimia 10 ya nini, kama matumizi yote hayajulikani? Mama wa genge wa mfano wetu, kama nyumba yake inatumia 400,000 kwa mwezi, kliniki ikihesabiwa pamoja na nauli, chakula na faida iliyokosekana, vitu ambavyo takwimu hizo hazivihesabu, inalingana na zaidi ya asilimia 12 ya kiasi hicho, na yeye bado anasema ni "elfu 18 tu". Mtu asiyejua ameelemewa hawezi kuomba msaada mapema, hawezi kukaa na ndugu zake kugawana mzigo, wala hawezi kumwambia diwani wake kwa namba kinachomsumbua.

Jumapili hii, kabla hujahesabu pesa, hesabu vidonge. Angalia tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti, angalia vilivyobaki, kisha ndipo ufungue daftari. Kama vimebaki vingi kuliko inavyopaswa, nyumba yako ina deni ambalo halijaandikwa popote. Mwite mwenye dawa, mkae naye, na mstari wa kwanza wa wiki uwe wake.